Sylvia Pankhurst: kosa lake lilikuwa nini hadi mama yake akamtoa chamani, na alifikaje kuzikwa Addis Ababa?

Mkufunzi_Wetu

Salaam wakuu. Kikundi chetu cha akina mama kimenipa kipindi cha dakika 40 nimwelezee Sylvia Pankhurst, mpigania kura ya wanawake wa Uingereza. Kila ninachosoma kinaishia 1918: wanawake wa Uingereza wakapewa kura, hadithi ikafungwa. Wakati huyu mama aliishi hadi 1960 na kaburi lake liko Ethiopia!

Wenye kujua naomba mnisaidie. Alitolewa chamani na mama yake mzazi kwa kosa gani hasa? Ile migahawa yake ya wakati wa vita iliendeshwaje, kwa bei gani, na nani aliifidia? Sisi wenyewe tunawaza jiko la pamoja, kwa hiyo hapo nataka hesabu, siyo sifa. Na mjamaa aliyebishana na Lenin aliishiaje kuwa rafiki wa mfalme wa Ethiopia, Haile Selassie?

Nyaraka_za_Kale

Dada, ukianza na 1903 nusu ya muda wako itaishia kwa mama yake. Taja tu kwamba Emmeline alianzisha WSPU, chama cha kudai kura ya wanawake, nyumbani kwao, 62 Nelson Street, Manchester, tarehe 10 Oktoba 1903, halafu ruka hadi 1907.

Sylvia alikuwa mchoraji, amesomea Manchester na kisha Royal College of Art, London. Mwaka huo wa 1907 alizunguka kuchora wanawake wakiwa kazini: wafua minyororo wa Cradley Heath, wachambua makaa ya mawe wa Wigan, wafanyakazi wa vyungu wa Staffordshire waliokuwa wakiumwa kwa madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi ya kung'arishia vyombo. Hakuchora sura tu, aliandika na mishahara yao. Picha hizo ukiziweka ukutani mwanzoni mwa kipindi, mengine yote yatajieleza.

WSPU ilidai kura kwa wanawake "kwa masharti yaleyale ya wanaume". Inasikika vizuri, ila siku zile hata wanaume si wote waliokuwa na kura. Kulikuwa na masharti ya nyumba na mali. Mke wa kuli wa bandarini asingeambulia kitu. Sylvia alitaka kura kwa kila mtu mzima, na Oktoba 1912 akafungua ofisi kwenye duka la zamani la mikate, 198 Bow Road, mashariki mwa London, kwa walalahoi hasa.

Kosa lililotajwa ni hili: Novemba 1913 alipanda jukwaani Albert Hall, ukumbi mkubwa wa London, pamoja na wanasiasa wa wafanyakazi kumtetea James Larkin, kiongozi wa mgogoro wa wafanyakazi wa Dublin. Januari 1914 akaitwa Paris, alikokimbilia dada yake Christabel, akaambiwa tawi lake lijitegemee. Kwa maelezo ya Sylvia, Christabel alimwambia kwamba tawi lina katiba ya kidemokrasia, jambo ambalo WSPU haikubaliani nalo, na kwamba wanawake wafanyakazi ndio walio dhaifu kuliko wote. Angalia lakini: maelezo hayo yanatoka kwenye kitabu alichokiandika mwenyewe mwaka 1931, nacho kina uchungu ndani yake. Yatumie, ila sema ni maneno ya nani.

Tawi likawa East London Federation of Suffragettes. Rangi za zamani, zambarau, nyeupe na kijani, walibaki nazo, wakaongeza nyekundu. Na si Sylvia peke yake: mdogo wao Adela mwaka huohuo alipewa tiketi ya meli ya kwenda Australia.

Kalamu_Nyekundu

Naongeza habari za jela, maana husimuliwa nusunusu.

Kugoma kula kulianza Julai 1909 na Marion Wallace Dunlop, akaachiwa baada ya saa 91. Wenzake wakamfuata, na Septemba serikali ikaanza kuwalisha kwa nguvu. Askari jela wanawake wanamkandamiza mfungwa kitandani, daktari anatanua taya kwa chuma, mpira unasukumwa kooni au puani, maziwa yaliyokorogwa na mayai yanamiminwa kwa faneli. Mara mbili kwa siku. Mpira ukikosea njia, chakula kinaingia mapafuni, na ndivyo ilivyomkuta Lilian Lenton Februari 1913. Walimtoa jela haraka akiwa mahututi. Sylvia naye, baada ya kuvunja kioo cha dirisha huko Bow, alilishwa hivyo Holloway, jela ya wanawake ya London, takriban mwezi mzima mwaka huohuo.

Serikali ikaogopa kufiwa na mfungwa, na Aprili 1913 ikapitisha sheria ambayo watu waliibatiza "Paka na Panya". Mgomaji anaachwa adhoofike, anatolewa kwa kibali cha siku chache, akipata nguvu anakamatwa tena. Jambo ambalo wengi hawalitaji ni kwamba siku za nje hazikuhesabiwa kwenye kifungo. Julai 1913 Sylvia alihukumiwa miezi mitatu. Kwa mtindo huo miezi mitatu inaweza kuburuzwa hata mwaka. Alichofanya ni kugoma kula, kunywa na kulala kwa pamoja, akizunguka selini usiku kucha ili mwili uanguke mapema. Akitoka tu, badala ya kujificha, anaonekana kwenye mkutano Bow, amejigeuza sura au amebebwa kwa machela, na polisi wanaokuja kumkamata wanakuta mtaa mzima umewazingira. Paka alichoka kabla ya panya.

Kilele ni Juni 1914. Waziri Mkuu Asquith alikataa kuonana na wajumbe wa wanawake wa East End, yaani mashariki mwa London. Tarehe 18 Sylvia alitolewa Holloway, akapelekwa moja kwa moja Bungeni, akalazwa karibu na mlango wa wageni, ametangaza hatakula wala kunywa mpaka wapokelewe. Asquith akakubali. Tarehe 20 walikwenda wanawake sita, naye Sylvia hakuwamo, kwa makusudi: wajisemee. Bibi Savoy, fundi wa brashi, aliweka mezani brashi aliyoitengeneza akaeleza anacholipwa. Daisy Parsons alieleza kiwanda cha sigara ambako wanaume wana chumba cha kulia chakula na wanawake wanakula chooni. Huyo Daisy 1936 ndiye mwanamke wa kwanza kuwa meya wa West Ham.

Mkufunzi_Wetu

Ahsanteni sana, brashi ya Bibi Savoy nimeichukua. Na jikoni je?

Shangazi_wa_Sufuria

Haya, jikoni. Agosti 1914 vita vilipoanza viwanda vya East End vilifunga, bei za vyakula zikapanda, na posho za wake wa askari zikachelewa. Tarehe 31 mwezi huohuo mgahawa wa kwanza ukafunguliwa. Mtu mzima peni 2 kwa mlo, mtoto peni 1, na asiye na kitu alipewa tiketi.

Sylvia hakutaka iitwe misaada, ndiyo maana migahawa ikaitwa ya "bei ya gharama": anayekula ni mteja, na mfanyabiashara anayelangua anaonekana wazi. Lakini wewe unayepanga jiko, usidanganyike na jina. Bei ya gharama inarudisha gharama ya chakula kwa anayelipa. Haibebi sahani ya asiyelipa. Wao pengo hilo walilijaza kwa michango ya nje, hasa ya Norah Smyth, mpiga picha wa chama, aliyemaliza sehemu kubwa ya urithi wake humo. Kwa hiyo mfuko wa tiketi za bure uwe peke yake tangu siku ya kwanza, la sivyo wanaolipa watajikuta wanapandishiwa bei bila kuambiwa.

Zuri zaidi, kwa maoni yangu, ni kiwanda cha wanasesere, maana mgahawa unalisha leo tu. Vita vilikata wanasesere kutoka Ujerumani, madukani kukawa na nafasi. Walianza Bow vuli ya 1914, ujira wa chini peni 5 kwa saa au pauni 1 kwa wiki. Piga hesabu: pauni ya wakati ule ni peni 240, ukigawa kwa 5 unapata saa 48. Maana yake pauni hiyo ni wiki ya kazi ya kawaida kwa ujira wa chini wa mwanaume, siyo zawadi. Serikali wakati huo ilikuwa na karakana zake za wanawake waliokosa kazi, na Sylvia alizipigia kelele kwa kulipa pungufu ya hapo.

Watoto wa wafanyakazi wakalelewa wapi? Mwaka 1915 walikodi baa iliyofungwa, Gunmakers' Arms, wakaiita Mothers' Arms. "Arms" kwa Kiingereza ni silaha na ni mikono pia. Kibao cha baa ya mafundi bunduki kikageuka mikono ya mama. Ndani mlikuwa na kliniki, maziwa ya watoto na chekechea ya mtindo wa Montessori.

Kalamu_Nyekundu

Namalizia Lenin na mfalme.

Gazeti lake, Woman's Dreadnought, lilianza Machi 1914 na kuuzwa nusu peni. Julai 1917 likawa Workers' Dreadnought. Claude McKay, mwandishi wa Jamaika, alifanya kazi humo 1920. Mwaka huo Lenin alimkosoa Sylvia kwa maandishi, kwa sababu alitaka wakomunisti wasigombee ubunge wala wasijiunge na chama cha Labour. Akasafiri hadi Moscow bila pasipoti kubishana naye ana kwa ana. Aliporudi akafungwa miezi sita kwa uchochezi wa makala za gazeti, na 1921 Chama cha Kikomunisti kikamfukuza kwa kuwa hakukubali kukikabidhi gazeti. Linganisha na Paris 1914: mara zote mbili makao makuu yalitaka atii, naye akasema anawajibika kwa watu wa Bow.

Ethiopia inatokana na hapo. Mwenzi wake Silvio Corio alikuwa mwanaharakati Mwitaliano, kwa hiyo ufashisti waliujua tangu mwanzo. Tarehe 5 Mei 1936, siku majeshi ya Mussolini yalipoingia Addis Ababa, ndiyo tarehe ya toleo la kwanza la New Times and Ethiopia News, gazeti lake la kuitetea Ethiopia. Wakati huo Jomo Kenyatta na wenzake London nao walikuwa wameshaunda umoja wa kuitetea Ethiopia. Baada ya vita Sylvia alichangisha fedha za hospitali ya kumkumbuka Binti Mfalme Tsehai, akahamia Addis 1956, akafariki 27 Septemba 1960. Alizikwa kwa heshima za taifa mbele ya Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, kwenye makaburi ya wazalendo waliopigana na Waitaliano.

Usimsafishe kupita kiasi lakini. Alimtetea mfalme bila kumkosoa inavyostahili, na aliunga mkono Eritrea iunganishwe na Ethiopia. Ukiwa na msikilizaji Mweritrea ukumbini, jiandae.

Nyaraka_za_Kale

Marekebisho ya haraka kabla hujachapa slaidi. Mwaka 1918 walipata kura wanawake wa miaka 30 na kuendelea tu, tena wenye sifa za nyumba au mali, wao au waume zao. Wanaume ilikuwa miaka 21. Usawa ulikuja Julai 1928, wiki chache baada ya Emmeline kufariki 14 Juni. Hakuwa anaongea na Sylvia tena, kwani Desemba 1927 Sylvia, akiwa na miaka 45, alizaa bila ndoa na akakataa kuolewa.

Mtoto huyo ni Richard Pankhurst, mwanahistoria wa Ethiopia, aliyefariki Addis 2017. Babu yake, mwanasheria aliyefariki 1898, naye ni Richard Pankhurst. Mtandaoni picha zao huchanganywa. Mwenye ndevu ndefu ni babu.