Usiku taa zina mikia: kasoro ya umbo la jicho?

Swali
Ndugu wanajukwaa, nina umri wa miaka 24. Mchana nasoma bila shida, lakini usiku kila taa ya gari huonekana ina mkia mrefu wa mwanga. Karatasi ya vipimo vya miwani imeandikwa silinda 1.50. Jicho lisilouma wala kuwa jekundu linawezaje kukosea hivi?

Jibu la 1
Ndugu, kipimo hicho cha silinda kinaeleza umbo: jinsi jicho lilivyokosa kuviringana sawasawa. Konea, yaani kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni, hufanya takribani theluthi mbili ya kazi ya kupinda mwanga, na lenzi ya ndani humalizia. Konea ikiwa imeviringana sawasawa kama mpira, miale hukutana mahali pamoja. Ikiwa imepinda kama mgongo wa kijiko, miale ya wima na ya mlalo hukutana katika umbali tofauti, na nukta ya taa hugeuka mstari. Hiyo ndiyo astigimatizimu. Mwanafalaki George Airy wa Uingereza alibuni lenzi ya silinda, yaani inayopinda mwanga upande mmoja tu, mwaka 1825 kwa ajili ya jicho lake la kushoto.

Jibu la 2
Konea isilaumiwe peke yake. Thomas Young, aliyeeleza kasoro hii mwaka 1801, aliweka jicho lake ndani ya maji, ambayo hufuta karibu nguvu yote ya konea, na kasoro ikabaki. Ilitoka kwenye lenzi. Usiku hali huzidi kwa sababu mboni hupanuka na kuruhusu mwanga wa pembezoni, ambako kasoro za upindaji ni nyingi. Ukiwa umesimama, tazama taa kupitia karatasi nene iliyotobolewa kwa sindano. Mkia ukipungua, tatizo huelekea kuwa la upindaji, si la retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Jibu la 3
Mwenzangu, silinda yako ya zamani ilikuwa ngapi? Yangu ilizidi kupanda, nikabadilishiwa miwani mara tatu kabla ya kuambiwa nina keratokonasi, ambapo konea hukonda na kuchomoza mbele kama koni. Mara nyingi huanza ujanani, na kufikicha macho huhusishwa nayo. Ikiwahiwa, konea huweza kuimarishwa kwa matone ya vitamini B2 pamoja na mwanga wa urujuanimno, ila umbo lililokwisha kuharibika kwa kawaida halirudi lilivyokuwa. Omba upimwe ramani ya konea, yaani picha inayoonyesha jinsi konea ilivyopinda kila mahali.

Mwuliza swali
Nashukuruni sana. Kupitia tundu la karatasi mkia umetoweka karibu wote. Nimetafuta karatasi ya mwaka juzi: silinda ilikuwa 0.50, na ni kweli hufikicha macho kila asubuhi. Wiki hii nitaomba hiyo ramani.