Kitabu cha kanuni za mchezo: niagize mtandaoni au nimwachie muuza vitabu wa Kampala?

Mwalimu wa Mbale:

Ndugu zangu, salaam. Sisi ni watu sita hapa Mbale, walimu wanne na vijana wawili wa benki, ambao hukutana kila Jumamosi jioni kucheza Dungeons & Dragons, mchezo ule wa masimulizi ambao kila mmoja hubeba mhusika wake na mambo mengi huamuliwa kwa dadu. Kwa mwaka mzima tumetegemea kurasa zilizopigwa picha kwa simu, na tumechoka kubishana juu ya aya ambayo nusu yake imefunikwa na kidole cha mpiga picha. Hatimaye tumechanga fedha za kununua kitabu cha wachezaji, toleo la mwaka 2024.

Kinachonitatiza ni mahali pa kununulia. Mtandaoni kitabu hicho huuzwa dola 49.99, ambazo ni kama shilingi 180,000 za kwetu. Duka moja la vitabu jijini Kampala limenijibu kwamba halina nakala, lakini linaweza kuniagizia kwa shilingi 310,000, nusu yake ikilipwa mapema. Tofauti si ndogo. Hata hivyo, ni katika duka hilo hilo ambako miaka mitatu iliyopita nilisimama karibu saa nzima nikipekua nakala ya toleo la zamani, nikaondoka bila kununua hata kalamu, na muuzaji hakunikunjia uso. Tangu siku hiyo najiona kama mwenye deni. Je, deni la namna hiyo linafika shilingi 130,000?

Dadu Ishirini, Ntinda:

Mwalimu, kabla ya kulipima hilo deni, rudia hesabu yako, maana umelinganisha kitabu kilicho mkononi mwako na kitabu kilicho ghalani Marekani. Kitabu unachokitaka kina kurasa 384 na jalada gumu, uzito wake unapita kilo moja, na wasafirishaji hutoza kwa uzito. Ongeza makato ya benki kwa malipo ya dola, kisha nauli ya kwenda kukichukua kifurushi, kwa kuwa hapa kwetu barua na vifurushi vya kawaida huishia posta wala haviji mlangoni. Ukijumlisha yote hayo, sitashangaa kama zile 130,000 zitapungua hadi kubaki kitu cha kuwanunulia wachezaji chai.

Kuhusu ushuru, vitabu vilivyochapishwa havitozwi ushuru wa forodha katika viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kitabu peke yake kisikutie hofu. Tahadhari ni ya vitu unavyoshawishika kuvitia ndani ya kifurushi hicho hicho. Mimi niliongeza seti tatu za dadu na sanamu ndogo za wahusika nikidhani nabana gharama ya usafirishaji, nikasahau kwamba hivyo vimo katika fungu la michezo na vitu vya kuchezea, ambalo lina viwango vyake. Kifurushi kikasimamishwa, nikatakiwa kuleta risiti, nikarudi mara tatu, na kila safari ya boda boda ikawa inaila ile akiba niliyojisifia.

Jambo lililoniumiza zaidi, hata hivyo, ni toleo. Kitabu cha mwaka 2014 na cha mwaka 2024 vina jina lile lile kabisa, Player's Handbook, wala jaladani hakuna tarakimu kubwa ya kukuzindua. Nilimlipa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeweka picha ya jalada jipya, nikaletewa cha zamani, chenye kurasa 320, kona yake moja ikiwa imebondeka. Alikubali kunirudishia fedha zangu kwa sharti kwamba nikirudishe kitabu kwa gharama yangu, na gharama hiyo ilikuwa inakaribia bei ya kitabu chenyewe. Bado ninacho. Ndicho kinachoegemeza dirisha la jikoni.

Lakini nisilisifu duka kupita kiasi. Wapenzi wa michezo hii walioko Marekani au Uingereza wanapotuhimiza kununua katika duka la mtaani, wanafikiria duka ambalo muuzaji wake mwenyewe anacheza, lenye meza za kuchezea, na ambamo mgeni anaweza kupata kikundi siku hiyo hiyo. Muuza vitabu wetu anajua vitabu vya shule na vya dini. Ukimwuliza tofauti ya toleo la 2014 na la 2024 atakutazama kwa upole tu. Kwa hiyo usilipe zile 130,000 kwa matumaini ya ushauri. Unachokilipia ni mtu mwenye mlango unaojulikana, ambaye kitabu kikija kimebondeka utamrudia na kumwekea mezani.

Muuza Vitabu, Kampala:

Nimesoma nikacheka, kwa sababu hilo la kutazama kwa upole ni kweli. Mimi si mwenye duka analolisema Mwalimu, lakini ningemtajia bei inayokaribia hiyo, na napenda ajue inatoka wapi.

Kitabu cha shule nikikiagiza najua kitaondoka mwezi wa pili shule zinapofunguliwa. Kitabu kama hiki nikikiagiza na mteja akabadili nia, kitakaa rafuni hadi jalada lipauke, na msambazaji wa nje hakipokei tena. Ndiyo maana tunadai nusu mapema. Tena nakala moja inapokuja peke yake, hubeba mzigo wote wa usafirishaji; ikija ndani ya katoni pamoja na vitabu vingine, mzigo huo hugawanyika. Mwalimu akipata wenzake wawili au watatu wanaotaka kitabu hicho, au akikubali kungoja hadi agizo langu kubwa linalofuata, bei hushuka bila hata kuniomba.

Na tafadhali, msituletee jina la kitabu peke yake. Leteni ile namba ya ISBN yenye tarakimu 13 iliyo nyuma ya jalada. Kila toleo lina namba yake, nasi tukiagiza kwa namba hiyo, kosa lililompata ndugu wa Ntinda likitokea litakuwa letu, si lenu.

Mzee wa Arua:

Mnazungumzia njia mbili za kununua, nami nauliza kama ni lazima kununua sasa. Mwezi Januari 2023 wachapishaji wa mchezo huu, Wizards of the Coast, waliuweka muhtasari wa kanuni zao, toleo la 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons, na mwaka 2025 wakafanya hivyo kwa toleo la 5.2 linalofuata kanuni za 2024. Mtu yeyote anaruhusiwa kuupakua, kuuchapa, kuutafsiri na hata kuuza kazi aliyoitunga kutokana nao, mradi ataje chanzo kama leseni inavyoelekeza. Sisi tuliuchapa kwa mashine ya ofisi, tukautia waya wa kujalidia, na sura ya mapigano tumeanza kuiandika kwa Kiswahili, kazi ambayo imetufundisha kwamba kupata neno la kila aina ya upanga ni vita vingine.

Upungufu wake ni kwamba madaraja yote 12 ya wahusika, yaani aina zao kama mpiganaji au mchawi, yamo, lakini kila daraja limepewa tawi moja tu, na zile picha nzuri hazimo. Msichanganye muhtasari huu na faili za kitabu kizima zinazozungushwa kwenye makundi ya simu. Hizo ni wizi, na mchapaji mwangalifu atazikataa. Wala kununua nakala ya kidijitali katika D&D Beyond, tovuti ya wachapishaji hao, si sawa na kuwa na kitabu, kwa sababu pale hulipii faili, unalipia ruhusa ya kusoma ndani ya akaunti yako.

Mwalimu wa Mbale:

Nawashukuru sana. Jana jioni tumeupakua muhtasari huo wa 5.2, na sura tunazozigombania kila Jumamosi tutazichapa hapa hapa Mbale. Wawili kati yetu wamesema wakati huo huo kwamba wangependa kuwa na nakala zao za jalada gumu, kwa hiyo nimempigia yule muuzaji wa Kampala nikamwuliza bei ya nakala tatu zikija na agizo lake lijalo. Amesema atanijibu Jumatatu, kisha akaniuliza kama mimi ndiye yule bwana aliyesimama saa nzima karibu na dirisha. Nimekiri.

Dada Muuza Vitabu, kwa kuwa sina kitabu ambacho ningekigeuza nisome nyuma ya jalada, je, namba ya ISBN iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mchapishaji inatosha?

Muuza Vitabu, Kampala:

Inatosha. Ila hakikisha si ya lile toleo la jalada maalumu, ambalo lina namba nyingine.