Tupeane uzoefu: kukanda kwa mawe ya moto nyumbani

Mleta mada, Tanga

Assalaam alaykum, na salamu kwa wanajamvi wote. Naleta mada hii kwa sababu imenigusa ndani ya nyumba yangu, na ninaamini wapo wengi wanaofanya jambo hili kimyakimya bila kuwa na wa kumuuliza.

Mama yangu ana miaka 68, na mgongo umemsumbua tangu enzi za kuuza vitumbua, alipokuwa akiinama mbele ya jiko kuanzia saa kumi alfajiri. Mwaka jana binamu yangu aliniletea kutoka Arusha mawe tisa meusi, laini kama yai, akanieleza kwamba kwenye mahoteli ya watalii mawe ya namna hiyo hupashwa moto na kutumika kuchulia misuli. Niliyatia kwenye sufuria ya maji, nikayachemsha, nikampaka mama mafuta ya nazi, nikaanza. Siku tatu za mwanzo alilala usingizi ambao sijauona kwake kwa muda mrefu. Siku ya nne niliweka jiwe moja juu ya kiuno, nikaliacha hapo huku nikimchua mabega. Nilimwuliza mara mbili kama moto si mkali, naye akanijibu, "Hapana mwanangu, endelea, Mungu akubariki." Nilipoliondoa nikaona alama nyekundu yenye umbo lilelile la jiwe, na kufikia asubuhi palikuwa pameota lengelenge.

Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba alikuwa akiniona ninavyotoka jasho kwa ajili yake, akaona vibaya kulalamika. Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko lile lengelenge lenyewe. Kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnieleze mawe gani yanafaa, moto unapimwaje, na zaidi ya yote, mnafanyaje ili mtu anayekandwa aseme ukweli. Nawasilisha.

Mchangiaji wa pili, Moshi

Dada, pole sana, na mfikishie mama shikamoo yangu. Nitazungumzia mawe tu, kwa kuwa hilo ndilo ninalolijua.

Mawe meusi ya binamu yako huenda ni yale yaliyotokana na volkano, ambayo wataalamu huyaita basalti. Huku kwetu chini ya Kilimanjaro yamejaa mitoni, maji yameyasugua kwa miaka mingi hadi yamekuwa laini, na kwa kuwa ni mazito na chembe zake zimeshikana, hupoa polepole. Mawe ya pwani yenu mengi ni ya matumbawe, yana vitundu na kingo kali, kwa hiyo usishawishike kuokota ufukweni.

Sasa sikiliza lililotupata sisi. Baba alirudi kutoka shamba na bega limekaza, nikachukua mawe matano kutoka mtoni na kuyaweka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, nikidhani nitaokoa muda. Baada ya dakika kumi hivi moja lilipasuka kwa kishindo, kipande kikapita karibu na uso wa mdogo wangu na kutoboa ndoo ya plastiki iliyokuwa nyuma yake. Fundi mmoja wa kuchonga mawe alinieleza baadaye kwamba jiwe lililokaa mtoni linaweza kuwa na maji yaliyojipenyeza kwenye nyufa ambazo jicho halizioni, na maji hayo yakigeuka mvuke ghafla hayana pa kutokea. Tangu siku hiyo mawe yetu hupashwa ndani ya maji tu, yakianza baridi pamoja na maji yenyewe, na lenye ufa wowote hutupwa.

Mchangiaji wa tatu, Unguja

Nimefanya kazi ya kuchua misuli kwenye hoteli za ufukweni kwa miaka kumi na moja, hivyo naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Mtindo huu wa mahotelini ulienezwa na Mary Nelson wa Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kuanzia mwaka 1993, ingawa kujikanda kwa vitu vya moto ni jambo la kale ambalo hata mabibi zetu walikuwa nalo. Kosa la mleta mada lilianza kwenye neno moja, nalo ni "nikayachemsha". Maji ya mawe hayatakiwi kuchemka. Sisi huyaweka kwenye nyuzi 50 hivi, na hatuvuki 54. Ngozi ya binadamu huanza kudhurika ikishikana na kitu chenye nyuzi 44 kwa saa kadhaa, lakini kwenye nyuzi 60 sekunde chache zinatosha, kwa hiyo tofauti kati ya raha na jeraha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Nunua kipimajoto cha jikoni. Kama huna, chukua kikombe kimoja cha maji yanayotokota uchanganye na vikombe viwili vya maji ya bomba. Kwa joto la maji yetu ya pwani utapata takriban nyuzi 50. Maji ya moto nusu kwa nusu huenda zaidi ya 60, na hapo ndipo wengi huungua.

La pili, jiwe halikai bali linatembea. Ninalitoa kwenye maji kwa upawa wenye matundu, nalifuta, nalishika kiganjani hadi niweze kulibana bila kuhama mkono, kisha naligusisha ndani ya kifundo cha mkono wangu, ambapo ngozi ni nyembamba. Mgongo nimeshaupaka mafuta na kuuchua kwa mkono mtupu kwa dakika tano, ili misuli isishtuke. Ndipo jiwe linapoteleza kandokando ya uti wa mgongo, kamwe si juu ya mifupa yenyewe, na likianza kupoa nalirudisha na kuchukua jingine. Nikitaka jiwe litulie mahali, naweka kwanza taulo lililokunjwa mara mbili, na kila baada ya muda mfupi nalinyanyua nitazame rangi ya ngozi. Mtu asilalie jiwe kwa uzito wake mwenyewe, maana anayelalia huwezi kumwona ngozi.

Mchangiaji wa nne, Lushoto

Naomba kumwongezea ndugu wa Unguja jambo dogo. Kipimo chake cha vikombe nilikijaribu jana, na kwetu milimani maji yalitoka vuguvugu tu, yakafika nyuzi 43. Maji yetu ya bomba asubuhi ni ya baridi kweli, nayo yakitokota hayafiki nyuzi 100 kwa sababu ya mwinuko, na mawe baridi yakiingia hunywa joto tena. Walio nyanda za juu wasikariri hesabu ya vikombe, watafute kipimajoto.

Mchangiaji wa tano, muuguzi, Mwanza

Nimesoma mada hii nikikumbuka mzee mmoja aliyeletwa wodini kwetu na mwanawe, kijana mwenye mapenzi makubwa kwa baba yake. Mzee alikuwa na kisukari cha muda mrefu na alikuwa akilalamika kwamba nyayo zake ni za baridi, na kijana akawa anamwekea mawe ya moto chini ya miguu kila jioni. Si kwamba mzee alivumilia maumivu, hakuyasikia kabisa. Kisukari kikikaa sana huua mishipa ya fahamu ya miguuni, mtu akabaki na ganzi, na jiwe linaloweza kumfanya mwingine aruke yeye hulipokea kama kitambaa cha vuguvugu. Kidonda kile kilichukua miezi, kwa sababu huyohuyo kisukari huchelewesha kupona. Kijana alikuwa akilia kwenye korido.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya kuuliza "moto si mkali?", jiulize kama huyu mtu ana uwezo wa kuusikia. Wenye kisukari, waliopooza upande mmoja na wenye ganzi ya aina yoyote wasikandwe kwa mawe ya moto nyumbani. Vivyo hivyo mwenye homa, mwenye jeraha au upele mahali hapo, mwenye mguu uliovimba upande mmoja na kuuma, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito, hadi daktari aseme. Maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni pamoja na udhaifu, au yanayoambatana na kushindwa kuzuia haja, hayangoji kukandwa, yanataka hospitali siku hiyohiyo.

Na mtu akiungua, mimina maji safi ya bomba juu ya sehemu hiyo kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, unga wala ute wa yai, na lengelenge lisitumbuliwe. Dada mleta mada, naomba umpeleke mama apimwe sukari, hata kama hana dalili.

Mchangiaji wa sita, Pemba

Swali la mleta mada lililobaki bila jibu ni lile la mwisho, na mimi ndilo lililonifanya niandike.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilikandwa kwa maji ya moto kama ilivyo desturi ya wengi wetu, kitambaa kinachochovywa kwenye beseni na kubanwa tumboni. Aliyenikanda alikuwa shangazi yangu, ambaye ninamheshimu kama mama. Maji yalikuwa makali mno, lakini nilikuwa nimesikia tangu utotoni kwamba anayepiga kelele ni mlegevu na hatapona vizuri, basi nikauma khanga nikanyamaza. Nilipata majeraha mawili chini ya kitovu. Mkunga alinieleza baadaye kwamba tumbo la mzazi halihitaji moto ule, na kwamba kwa aliyejifungua kwa upasuaji ni hatari zaidi.

Nilichojifunza ni kwamba kwetu sisi kumwuliza mkubwa, au mkwe, au mtu anayekushukuru, "unaumia?" si swali, ni kumpa nafasi ya kuonesha subira. Atasema hapana. Siku hizi ninapomkanda mama mkwe wangu simwulizi hivyo. Namwuliza, "Mama, nipunguze au niache hivihivi?" Swali hili halimtaki akiri udhaifu, linamtaka achague tu, na tangu nilibadilishe ananiambia nipunguze karibu kila mara.

Mleta mada, Tanga

Nimerudi, na ninawashukuru nyote kwa moyo wangu wote.

Mama amepimwa sukari na iko sawa, alhamdulillah. Kidonda kimekauka. Nimenunua kipimajoto, nikapima maji niliyokuwa nikitumia zamani baada ya kuepua sufuria na kuiacha ipoe kama nilivyozoea, nikakuta nyuzi 71. Nilikaa chini.

Jana usiku tulianza upya, kwa nyuzi 50 na jiwe linalotembea. Nilimwuliza kama dada wa Pemba alivyoelekeza, naye akacheka kidogo, kisha akasema nipunguze. Halafu yeye mwenyewe akapata wazo lake: alichukua tasbihi yake akaishika mkononi, akaniambia kwamba moto ukizidi ataitikisa, maana kusema anaona haya, lakini kutikisa tasbihi hakuna shida. Aliitikisa mara mbili, karibu na kiuno, pale palipokuwa na lengelenge, na mara zote mbili nilinyanyua jiwe kabla sijamaliza kuusikia mlio wake.