Kwa nini idara inatupangia wasimamizi wa tasnifu bila kutuuliza?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu visima vya pwani, yaani jinsi maji ya bahari yanavyopenya ardhini na kuyatia chumvi maji ya visima pale yanapovutwa kupita kiasi. Nilipomaliza masomo ya darasani nilikuta jina langu kwenye ubao wa matangazo, mkabala na jina la mhadhiri ambaye kazi zake zote zinahusu miamba ya madini. Hakuna aliyeniuliza lolote.

Nilichapisha rasimu ya pendekezo la utafiti, kurasa 42, nikaikabidhi kwa katibu muhtasi wake. Kwa wiki saba nilipanda daladala kutoka Mbagala, na kila nilipofika niliambiwa yupo kikaoni, amesafiri, njoo Alhamisi. Wiki ya nane niliikuta rasimu juu ya kabati, jalada likiwa na alama ya duara ya kikombe cha chai, na kalamu nyekundu imegusa mahali pamoja tu: mkato kwenye kichwa cha utafiti.

Kinachoniuma ni kwamba idara hiyohiyo ina mtaalamu wa maji ya ardhini, ambaye makala zake nimezisoma. Nilimwendea kwa adabu, nikiwa na maelezo ya ukurasa mmoja: swali langu, takwimu nilizo nazo na sababu ya kumfuata yeye. Alinisikiliza, akasema atanipokea idara ikiridhia. Mkuu wa idara akanijibu kwamba nimekosa nidhamu, kwa kuwa mwanafunzi hachagui mwalimu. Nidhamu ipi hiyo? Wanaoomba uzamivu Uingereza mara nyingi hushauriwa wamwandikie msimamizi hata kabla ya kutuma maombi, na katika idara nyingi za biolojia za Marekani mwanafunzi hupitia maabara kadhaa mwaka wa kwanza ndipo aamue abaki wapi. Sisi tunapangiwa, kisha muda ukipita tunadaiwa ada ya kuchelewa kumaliza.

Najua wataalamu ni wachache, na si kila mtu atampata amtakaye. Lakini idara inashindwa nini kubandika orodha ya wahadhiri, taaluma zao na idadi ya wanafunzi ambao kila mmoja anawasimamia, ikatupa wiki mbili za kuonana nao, na ikikataa chaguo la mtu ikatoa sababu kwa maandishi? Nawe unayeanza, watafute waliowahi kusimamiwa na huyo unayetajiwa, uwaulize rasimu zao zilirudi baada ya siku ngapi. Mimi sikuuliza, na nimepoteza muhula mzima.

Barua yangu ya kuomba kubadilishiwa msimamizi bado haijajibiwa. Jumatatu napeleka nakala kwenye kurugenzi ya masomo ya uzamili. Aliyewahi kukubaliwa anieleze aliambatanisha nini.