Nimelilia nakala ya Daudi mjini Florence, na aliyenipeleka ananicheka

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikitetemeka. Sitamtaja mtu, kwa kuwa nyote mnamjua: yule bwana wa misafara ya Italia, mwenye kofia ya ukindu na kijiti chenye kitambaa cha njano, ambaye hutuchunga kama mbuzi huku akitushurutisha tutabasamu. Nilimlipa fedha zinazotosha mahari ya mabinti wawili, nikiwa na haja moja tu, nayo ni kusimama mbele ya Daudi wa Michelangelo, ile sanamu maarufu ya marumaru.

Alitufikisha Piazza della Signoria, akaelekeza kijiti kwenye sanamu iliyo mlangoni mwa Palazzo Vecchio, akatamka, "Huyu hapa." Nikalia. Mtu mzima mwenye wajukuu nililia hadharani, nikampigia simu mke wangu kumweleza jinsi mishipa ya ule mkono inavyoonekana kama inapitisha damu. Leo mjukuu wangu wa darasa la saba amenifahamisha kwamba Daudi halisi aliondolewa uwanjani hapo mwaka 1873, akahifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho la Galleria dell'Accademia, na kwamba niliyemlilia ni nakala iliyowekwa mwaka 1910. Nilipomwuliza bwana yule katika kundi letu la safari, mbele ya wasafiri wote 19, alijibu: "Kwani wewe ungejua tofauti?"

Kwani wewe ungejua tofauti! Nimekunywa maji, nimeoga, nimelala chali, bado nayasikia. Angesema amesahau, ningemsamehe. Angesema basi liliharibika, ningemsamehe. Lakini kwani wewe ungejua tofauti? Daudi alikuwa na kombeo, mimi nina simu tu, ndiyo maana nimekuja hapa.

Kahawa Chungu: Pole sana mleta mada, ingawa nimecheka hadi jirani amegonga ukuta. Sasa tuambie ukweli: ungejua tofauti? Yule wa ndani hanyeshewi mvua wala hakaliwi na njiwa kichwani.

Bibi wa Makumbusho: Je, ilikuwa Jumatatu? Accademia hufungwa siku hiyo, kwa hiyo bwana wenu alikosea ratiba akaona aibu kusema. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hatua chache kutoka pale, chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, yupo Perseus, sanamu ya mchongaji Cellini, wa shaba, halisi, asiye na kiingilio, nanyi bila shaka mlimpa mgongo ili mpigwe picha na nakala.

Mleta mada: Ilikuwa Jumatatu, na kwa Perseus tulikwenda kujikinga jua. Naomba turudi kwenye neno lile alilonitamkia mbele ya watu 19.

Mla Mifupa: Mkuu, wewe ulidanganywa bila kutozwa kiingilio. Mimi mji huohuo niliagiza bistecca, ile nyama nene yenye mfupa, kwa kuwa orodha iliandika euro 6, nisijue kwamba ni bei ya kila gramu 100. Ikaja ya kilo 1.2, yaani euro 72, kisha wakaongeza coperto, ambayo ni malipo ya kukalia meza niliyokuwa nimeikalia kwa majonzi.

Msafiri wa Milan: Afadhali nyinyi mliachwa mtazame mpaka mchoke. Kwenye mchoro wa ukutani wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo tuliingizwa kwa dakika 15 baada ya kuiwinda tiketi kwa miezi, na mume wangu akatumia dakika 6 kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

Kahawa Chungu: Hakuna anayezungumzia mkate wa Toscana, mkoa wenye mji huo wa Florence? Hauna chumvi hata chembe. Nilimwita mhudumu mara mbili nikidhani mpishi amefiwa.

Mleta mada: Uzi huu unahusu Daudi.

Bibi wa Makumbusho: Mkate ule huliwa pamoja na nyama iliyokolea chumvi, ndugu, haulambwi mkavu.

Kahawa Chungu: Sawa, Bibi. Mla Mifupa, ile kilo 1.2 uliimaliza, au ulifungashiwa?