Nasikiliza dramu tupu za nyimbo za roki kila usiku, sasa kanisani wanasema nimeharibika. Nishaurini

Fimbo wa Pasua (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Niko Moshi. Mchana natengeneza simu, jioni na Jumapili napiga dramu kanisani, mwaka wa nne huu. Sijasomea popote. Nilijifunza kwa kukaa nyuma ya kaka aliyekuwa anapiga kabla yangu, alipohamia Dodoma fimbo zikaniangukia mimi.

Mwezi wa pili mteja aliniletea flashi nimwokolee picha zake. Ndani nikakuta folda ya nyimbo za roki za zamani, ila kila wimbo umebakizwa dramu peke yake. Gitaa hamna, mwimbaji hamna. Nikamwomba ninakili, akasema chukua tu.

Wa kwanza kufungua ulikuwa "When the Levee Breaks" wa Led Zeppelin. Nilivaa hedifoni nikiwa na bisibisi mkononi, bisibisi nikaiweka chini. Ile kiki (ngoma kubwa ya mguu) ni kama mtu anabamiza geti la ghala usiku. Tangu siku hiyo silali bila kusikiliza mbili tatu, na kila kitu ninachosikia nakwenda kukijaribu kwenye mazoezi ya Alhamisi.

Sasa tatizo. Mpiga besi wetu ameniambia mbele ya watu, "Siku hizi unapiga kama uko peke yako." Mwalimu wa kwaya naye Jumapili iliyopita alinikata katikati ya pambio, akabonyeza ridhimu ya kinanda, nikabaki nimekaa pale na fimbo kama mgeni msibani. Iliniuma.

Na mimi naamini nimeongezeka ujuzi! Nasikia vitu ambavyo zamani sikuvisikia. Niache kusikiliza hizi dramu tupu, au wao ndio hawajaelewa? Halafu ndani ya zile rekodi kuna mambo yananichanganya. Moja ina kitu kinalia kwi kwi kama kitanda kibovu. Nyingine matoazi yake yanasikika kama yamezama kwenye ndoo. Za nyingine spidi haitulii, inakimbia kidogo ikifika kiitikio. Ni faili mbovu?

---

Mbege Baridi

Roki kanisani. Mchungaji ana habari?

---

Fundi Mawimbi, Arusha

Mleta uzi, mimi ni mtu wa kukaa nyuma ya mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), harusi na makanisa huku Sakina na Ngaramtoni, kwa hiyo nitajibu yanayonihusu.

Kwanza ujue dramu tupu zinatokaje. Studio zinarekodi kila chombo kwenye njia yake, na mwenye kanda ya mwanzo anaweza kunyamazisha njia nyingine zote akabakiza dramu. Nyingi zilivuja kupitia michezo ya kompyuta ya kupiga muziki, ile kama Rock Band iliyotoka 2007, maana mchezo wenyewe ulihitaji kila chombo kiwe peke yake. Aina ya pili hazikutoka kwenye kanda yoyote. Ni programu imepewa wimbo mzima ikabahatisha kipi ni dramu na kipi siyo. Deezer walitoa Spleeter 2019 na kuigawa bure, zikafuata nyingine nzuri zaidi, leo hata simu yako inafanya kazi hiyo ukiwa kwenye daladala.

Hayo matoazi ya kwenye ndoo ni kazi ya programu. Mlio wa toazi umesambaa juu kule kule zinakokaa "s" za mwimbaji na makali ya gitaa, mashine ikijaribu kuchambua inang'oa na nyama. Ukisikia gitaa kwa mbali, limetulia mwanzo hadi mwisho kama liko chumba cha pili, hiyo huwa ni kanda halisi, gitaa liliingia kwenye maiki za dramu. Ukisikia gitaa linachungulia kila snea (ngoma ndogo kali ya katikati) inapolia halafu linapotea, hiyo ni mashine.

Sasa hiyo "Levee" yako. Wimbo ulitoka 1971, na dramu zilirekodiwa kwenye jumba la zamani Uingereza, Headley Grange. John Bonham, mpiga dramu wa Led Zeppelin, alikaa chini ukumbini penye ngazi, maiki mbili zikaning'inizwa juu kwenye ngazi, mbali naye. Hawakubandika maiki kwenye kiki kama tufanyavyo sisi. Wakapitisha na mashine ya mwangwi. Kwa hiyo ile nguvu unayoisikia nusu ni mguu wa Bonham, nusu ni kuta na ngazi za nyumba ya watu.

Nyumba yako wewe ni ipi? Nakisia bati juu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, mabenchi. Nimefunga spika kwenye makanisa ya hivyo zaidi ya hamsini. Ukipiga kwa nguvu za Bonham chini ya bati haupati sauti ya Bonham, unapata kelele zinazokwenda juu na kurudi wakati mwenzako ameshaingia mstari wa pili. Mwalimu wako wa kwaya hana kosa. Mimi ningekuzima mapema zaidi.

---

Fimbo wa Pasua

Duh. Bati ni kweli kabisa, na mvua ikinyesha hata mahubiri yanasimama. Nilikuwa nabana kiki kwa nguvu zote ili ilie kama ile.

Na ule mlio wa kitanda?

---

Mkono Kushoto

Huo mlio nadhani nimeujua 😂 Folda yako ina "Since I've Been Loving You" ya Led Zeppelin ya 1970? Hiyo ni pedali ya kiki ya Bonham. Alikuwa anatumia Speed King ya Ludwig, na ilikuwa inalia. Hata kwenye wimbo kamili unaisikia ukitega sikio kwenye sehemu za polepole. Wala hawakuifuta.

---

Fimbo wa Pasua

Mkuu umeniua. Nilishaitia mafuta ya cherehani pedali ya kanisa nikidhani nimepata dalili ya ugonjwa kutoka kwenye rekodi.

---

Mkono Kushoto

Umefanya vizuri, yako itie. Yeye alikuwa Bonham.

Kuna jingine nikusaidie nililohangaika nalo mwaka mzima. Kama utajaribu zile rolo (mapigo ya haraka ya kuzungusha) za Ringo Starr wa Beatles kwenye "Come Together" ya 1969 ukaona mikono inagongana, usijilaumu. Ringo ni mashoto anayepiga dramu zilizopangwa kwa ajili ya mtu wa kulia, kwa hiyo akizunguka kwenye tomu (ngoma za juu na pembeni) anaanza na mkono ambao wewe usingeanza nao. Mimi mashoto, nilipoisikia dramu tupu nilicheka peke yangu, nikajua huyu ni ndugu yangu.

Na sikiliza jinsi zile tomu zilivyo butu, hazina mwangwi. Enzi hizo alikuwa anatandaza taulo za jikoni juu ya ngozi. Kwa bati lenu, chukua kipande cha kanga kuukuu ukunje, weka juu ya snea robo tu, si yote. Usiku wa mazoezi majirani pia watakushukuru.

---

Babu Besi

Kijana, mimi nilipiga besi kwenye bendi za dansi hapa Arusha na safari nyingine Dar, wengi wenu hamjazaliwa. Tulipokwenda kurekodi Radio Tanzania tuliingia wote chumba kimoja, tarumbeta, magitaa, dramu, waimbaji, tukapiga mara moja. Mmoja akikosea mnarudia wote. Kwa hiyo hata leo ukitaka dramu tupu ya nyimbo zile hakuna kanda ya kuzitoa. Nasema hili si kwa kujisifu. Nakuonyesha tu kwamba sisi hatukuwahi kusikia dramu ikiwa peke yake, labda anayeipiga awe anaifunga kabla ya kupiga.

Mpiga besi wako amekwambia jambo kubwa na wewe umesikia tusi. Niulize, anapopiga, unasikia anachopiga? Siyo unajua ufunguo wa wimbo. Unasikia kidole chake kinapotua? Kiki na besi wanakula sahani moja. Ukiongeza matonge yako mwenzio anabaki na mchuzi.

---

Dada Alto

Shikamoo Babu Besi. Mimi naongea upande wa tunaosimama mbele.

Kaka, tatizo la wapiga dramu wengi ni kwamba rolo wanaiweka pale pale tunapovuta pumzi. Kwenu ni nafasi imebaki wazi, mnaijaza. Kwetu pale ndipo tunapotegea tuingie pamoja, tukisikia rudu rudu rudu hatujui mstari unaanza wapi. Hayo tu.

---

Triplet wa Njiro

Wengine wameshagusa, ila naona ugonjwa wenyewe haujatajwa bado. Mleta uzi, nijibu swali moja kwanza. Kwenye folda una "Fool in the Rain" au "Rosanna"? Na unazifanyia mazoezi?

---

Fimbo wa Pasua

Zote mbili! "Rosanna" ndiyo nimekomaa nayo wiki tatu. Zile snea ndogo ndogo katikati nimeshazipata karibu zote.

---

Triplet wa Njiro

Hapo hapo. Nilijua.

Zile snea ndogo ni mapigo ya kunong'ona. Fimbo inainuliwa vidole viwili tu juu ya ngozi, inadondoka. "Fool in the Rain" ya Led Zeppelin ni ya 1979, "Rosanna" ya Toto, bendi ya California, ni ya 1982, na mpiga dramu wao Jeff Porcaro alieleza mwenyewe kwamba alichanganya mtindo wa mpiga dramu Bernard Purdie na wa Bonham, akaongeza na kiki ya Bo Diddley. Sasa ukisikiliza wimbo mzima, yale mapigo ya kunong'ona huyasikii kama snea. Unasikia tu wimbo unayumba vizuri. Ukiyaondoa, wimbo unachechemea.

Ukiondoa vyombo vingine vyote ukavaa hedifoni, hakuna kinachoyafunika tena. Yanakuja hadi mbele ya sikio, na wewe ukiwa fundi simu labda una hedifoni nzuri. Kwa hiyo umeyajifunza kwa ukubwa uliousikia. Unakwenda mazoezini unayapiga makubwa karibu sawa na snea kuu, katikati ya besi na sauti ya pili ya kwaya. Mwenye besi lazima aseme unapiga peke yako, kwa sababu kwa kweli unapiga rekodi ambayo watu wengine walishafutwa.

Masikio yako yameongezeka, mikono ndiyo haijapewa vipimo. Mimi nilifanya hivi: nasikiliza dramu tupu mara moja, nikimaliza nafungua wimbo kamili papo hapo, natafuta vile vipigo nilivyovisikia viko wapi. Vingine unavikosa kabisa. Basi hicho unachokikosa ndicho kipimo chake, unapaswa kukipiga kwa udogo huo huo.

Pili, weka simu ya kurekodia benchi la mwisho kabisa kanisani siku ya mazoezi, siyo karibu na dramu. Sikiliza ukiwa nyumbani. Nakutayarisha kisaikolojia, siku ya kwanza inauma.

Tatu, usidharau pambio. Zile pambio za sita kwa nane mnazopiga kila Jumapili zina mgawanyo wa tatu tatu ule ule ambao "Rosanna" inautembelea. Mzungu anausomea, wewe umezaliwa nao. Anzia hapo badala ya kuleta kitu kizima kutoka California.

Kuhusu spidi kukimbia kwenye kiitikio, nyingi za zamani zilipigwa bila metronomu (kifaa cha kuhesabia spidi), mtu anapandisha kadri wimbo unavyopanda. Si ubovu wa faili.

---

Mkono Kushoto

Niongeze hapo kwa Toto. Ule wimbo wao "Africa" wa 1982, unaotutaja sisi watu wa Kilimanjaro na kuuweka mlima juu ya Serengeti (mtu wa Rombo akiusikia anauliza mlikuja lini), ukipata dramu zake tupu usijipe presha kuziiga dakika zote nne. Porcaro na Lenny Castro wa ngoma za mkono walipiga kama dakika tano, bila metronomu, wakachagua sehemu fupi iliyokaa vizuri zaidi, kanda ikafungwa mzunguko ijirudie. Kuna jamaa Majengo alikuwa anajiona hafai kwa sababu mkono wake haufanani mwanzo na mwisho wa huo wimbo.

---

Mbege Baridi

Kwa hiyo hata wao walibonyeza ridhimu ya kinanda 😂

---

Fundi Mawimbi, Arusha

Hapana, walijirekodi wenyewe. Lakini umenichekesha.

---

Fimbo wa Pasua

Wakuu nimerudi, Ijumaa usiku. Nimefanya mazoezi ya jana kama mlivyosema. Kanga robo ya snea (ya mama, ameniuliza inakwenda wapi nikasema kanisani, akaridhika). Simu niliiweka benchi la mwisho. Nyumbani nimesikiliza dakika sita nikazima, nikanywa chai, nikarudi. Triplet hukunidanganya. Kumbe wiki iliyopita ningejirekodi, ningejizima mwenyewe kabla ya mwalimu.

Zile ndogo nimezipunguza hadi mimi mwenyewe nikawa sizisikii vizuri. Nilimwambia mpiga besi asogeze spika yake upande wangu, tukapiga pambio moja mara nne mimi na yeye tu, wengine wakiwa wanakunywa maji. Mara ya tatu alinitazama akanyanyua nyusi. Hakusema kitu, ila si mtu wa kusema.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama karibu na kinanda muda wote. Hakubonyeza.

Dada Alto, rolo nimebakiza mbili kwa wimbo mzima. Jumapili mtaniambia kama zimekaa pabaya.

---

Dada Alto

Mbili ni nyingi 😅 Natania. Tutasikia.

---

Babu Besi

Mwambie huyo wa besi asirudishe spika ilipokuwa.

---

Mkono Kushoto

Mkuu hiyo flashi ina "Come Together" au nilete yangu? Jumamosi nashuka Moshi, nitapita kibandani kwako.