Uliyetoboa siri ya The Thirteenth Tale kundini, nakudai shilingi 400

Nina hasira na sitajifanya sina. Kundi letu la wasomaji liko WhatsApp, na kila mwezi tunasoma kitabu kimoja. Mwezi huu ilipigiwa kura The Thirteenth Tale ya Diane Setterfield, riwaya ya 2006. Niliipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara pale Tom Mboya, shilingi 400 baada ya kuvutana sana, ukurasa wa kwanza jina la mwenyewe limekwanguliwa kwa wembe. Nikawa naisoma kwenye matatu ya Rongai, kurasa kumi kumi, maana nyumbani watoto hawaniachi.

Jumanne, saa moja unusu asubuhi, foleni imeganda pale Bomas. Nimefika pale Hester, yule mwalimu wa nyumbani, na daktari wanapowatenganisha wale mapacha wa jumba la Angelfield ili wawachunguze. Simu ikalia. Dada mmoja kundini (anajijua): "Jamani mimi nilianzia mwisho, kumbe..." Akamwaga mtama wote. Sentensi moja tu, na vikatuni vitatu vya kucheka.

Dada, hivi uliruka masharti ya Bi Winter? Ajuza huyo, mwandishi maarufu ndani ya riwaya, amewadanganya wanahabari miaka nenda miaka rudi, kila mmoja kwa uongo wake. Sasa anaumwa, anamwita Margaret, binti wa muuza vitabu vya kale, amwambie kweli. Anamwekea masharti: hadithi itakwenda mwanzo, katikati, mwisho, hakuna kuuliza maswali, hakuna kuchungulia ukurasa wa mwisho. Yamo humo humo kitabuni! Ila ulianzia mwisho, ungeyajuaje.

Sekondari tulikariri "hadithi ndani ya hadithi" kama mbinu ya kujazia karatasi ya mtihani. Humu mbinu hiyo ndiyo kitabu chenyewe. Unamsikiliza Bi Winter akisimulia jumba la Angelfield, na papo hapo unamwona Margaret akinusa pengo, anajiuliza kwa nini neno fulani limebadilika ghafla. Raha yote ni kunusa naye. Mimi sasa nitanusa nini?

Na nyinyi wengine msijifiche nyuma yake. Kuna kaka alituma ujumbe wa sauti wa dakika nne akilalamika kwamba kitabu kinajikokota na hakisemi ni mwaka gani. Kweli hakisemi. Ukungu huo umewekwa makusudi, ni riwaya ya kigothi, si taarifa ya habari saa moja. Kuhusu lalamiko lenu kwamba Margaret anamlilia mno pacha wake aliyekufa wakingali wachanga, hapo nakubaliana nanyi kidogo: mara ya tano nilifunga kitabu nikatazama nje ya dirisha.

Kisha admini, badala ya kufuta, anaandika eti "si filamu yake ilitoka 2013, kila mtu anajua". Kila mtu nani? Mimi sikujua. Mama wa Kayole aliyenunua nakala yake juzi hakujua. Mkisema kila mtu mnamaanisha nyinyi watatu mnaoandika usiku wa manane.

Kitabu nitakimalizia, nimekilipia. Ila dada, namba yangu unayo. Tuma 400, na ya kutolea.